San Francisco Dons

San Francisco Dons ni jina la timu za michezo za Chuo Kikuu cha San Francisco, chuo binafsi cha Kikatoliki kinachoongozwa na Wajesuiti katika jiji la San Francisco, jimbo la California, Marekani. Timu hizo hushiriki daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu nchini humo, na ni miongoni mwa timu zilizoanzisha ligi ya West Coast Conference mwaka 1952. Rangi zake ni kijani na dhahabu.

Chuo hiki ni kidogo kikilinganishwa na vyuo vya serikali vinavyotawala michezo ya Marekani, lakini kimewahi kuwa bingwa wa taifa katika mpira wa kikapu, soka na tenisi. Kinakumbukwa zaidi kwa timu mbili za miaka ya 1950. Ya kwanza ni ya futiboli ya Marekani, ambayo mwaka 1951 haikushindwa hata mara moja ila haikualikwa kwenye michezo ya mwisho wa msimu. Ya pili ni ya mpira wa kikapu ya Bill Russell na K.C. Jones, iliyoshinda michezo 60 mfululizo. Pia chuo hiki kimewahi mara mbili kufuta timu iliyokuwa ikishinda: mara ya kwanza kwa kukosa fedha, mara ya pili kwa uamuzi wa mkuu wa chuo aliyeona kwamba timu inakiharibia chuo jina.

Chanzo na jina

Chuo kilianzishwa na Wajesuiti mwaka 1855 kikiitwa St. Ignatius, wakati mji wa San Francisco ulipokuwa bado unajaa watu waliofuata dhahabu. Majengo yake yaliteketea katika tetemeko na moto wa mwaka 1906, kikahamia sehemu nyingine ya mji. Mwaka 1930 kilichukua jina la sasa.

Timu zake ziliitwa kwanza Grey Fog, yaani ukungu wa kijivu, kwa sababu ya ukungu unaoingia mjini kutoka baharini karibu kila siku ya kiangazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 jina hilo liliachwa, likachukuliwa lile la Dons. "Don" ni neno la heshima la Kihispania kwa bwana mwenye cheo au ardhi, na linakumbusha enzi ambapo California ilikuwa chini ya Hispania na baadaye Mexico.

Katika miaka ya 1920 timu ya mpira wa kikapu ilifundishwa na Jimmy Needles. Baadaye Needles alikuwa kocha wa timu ya taifa ya Marekani kwenye Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, ambapo mpira wa kikapu ulichezwa kwa mara ya kwanza kama mchezo rasmi wa Olimpiki, na Marekani ikachukua dhahabu.

Mwaka 1949

Mafanikio ya kitaifa yalianza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanajeshi wengi waliporudi na kuingia vyuoni kwa gharama ya serikali. Katika mwaka mmoja wa 1949 chuo kilipata mataji matatu katika michezo mitatu tofauti.

Timu ya mpira wa kikapu chini ya kocha Pete Newell ilishinda mashindano ya NIT katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kwa kuifunga Loyola ya Chicago, chuo kingine cha Wajesuiti, kwa pointi 48 kwa 47. Wakati huo NIT ilikuwa na hadhi inayokaribiana na ile ya mashindano ya NCAA, na timu za magharibi hazikutazamiwa kushinda New York. Newell aliondoka mwaka uliofuata. Baadaye alitwaa ubingwa wa NCAA akiwa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1959, na medali ya dhahabu ya Olimpiki akiwa na timu ya Marekani mwaka 1960.

Timu ya tenisi ilitwaa ubingwa wa NCAA mwaka huohuo. Mmoja wa wanafunzi wa chuo katika kipindi hicho, Art Larsen, mchezaji wa mkono wa kushoto aliyekuwa amepigana vitani Ulaya, alishinda mashindano ya ubingwa wa Marekani ya mwaka 1950.

Tarehe 1 Januari 1950 timu ya soka ilicheza na Penn State mjini St. Louis katika mchezo uliopangwa kumpata bingwa wa msimu wa 1949. Matokeo yalikuwa mabao 2 kwa 2, na vyuo viwili vikagawana ubingwa.

Timu ya futiboli ya mwaka 1951

Kocha Joe Kuharich, aliyesoma na kucheza Notre Dame, alianza kazi mwaka 1948. Alikusanya vijana wa miji ya California pamoja na wanajeshi waliorudi kutoka vitani. Mmoja wa hao wa mwisho, Gino Marchetti, alikuwa amepigana katika mapambano ya Ardennes akiwa bado kijana mdogo. Timu ilicheza nyumbani katika uwanja wa Kezar, kwenye ncha ya bustani ya Golden Gate, ambao pia ulitumiwa na timu ya kulipwa ya San Francisco 49ers.

Wachezaji wawili wa timu hiyo walikuwa weusi: Ollie Matson, mkimbiaji wa mpira, na Burl Toler, mlinzi. Msimu wa 1951 Matson alikimbia na mpira jumla ya yadi 1,566, akaongoza nchi nzima, na alivuka mstari wa mwisho wa wapinzani mara 21. Katika mchezo dhidi ya Fordham mjini New York, ulioisha kwa pointi 32 kwa 26, mara mbili aliupokea mpira wa kuanzia karibu na mstari wake mwenyewe na kukimbia nao uwanja mzima hadi upande wa pili.

Timu ilishinda michezo yake yote tisa. Mchezo uliotazamwa zaidi ulikuwa ule wa Stockton dhidi ya Pacific, kwa sababu ilisemekana kwamba mshindi angepata mwaliko wa mwaka mpya. Dons walishinda 47 kwa 14. Wiki iliyofuata waliifunga Loyola ya Los Angeles 20 kwa 2 katika uwanja wa Rose Bowl na kumaliza msimu katika nafasi ya 14 ya orodha ya shirika la habari la Associated Press.

Mwaliko haukuja. Ili kuelewa uzito wa jambo hili ni lazima kujua kwamba wakati huo bingwa wa futiboli ya vyuo hakupatikana kwa mashindano ya mtoano. Timu bora zilialikwa kwenye michezo maalumu siku za mwaka mpya, na kila mchezo ulikuwa na waandaaji wake waliochagua wanaowataka. Mitatu kati ya michezo mikubwa, yaani Orange Bowl na Gator Bowl kule Florida na Sugar Bowl kule Louisiana, ilichezwa katika majimbo ya Kusini yaliyotenganisha watu weusi na weupe kwa sheria. Kwa mujibu wa masimulizi ya wachezaji wenyewe, timu iliambiwa kwamba inaweza kualikwa ikikubali kuwaacha Matson na Toler nyumbani. Wenzao walikataa bila kufanya mjadala. Sababu iliyotajwa hadharani ilikuwa tofauti: kwamba wapinzani wa Dons walikuwa dhaifu. Ni kweli ratiba yao ilikuwa na timu za kambi za jeshi kama Camp Pendleton, lakini hoja hiyo haielezi kwa nini timu yenye wachezaji wengi wa kiwango cha kulipwa haikutakiwa popote. Nafasi za Orange Bowl zilipewa Georgia Tech na Baylor, vyuo viwili vya Kusini ambavyo wakati huo havikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja.

Fedha za mwaliko ndizo zilizotegemewa kuziba deni la timu. Kuendesha timu ya futiboli kulihitaji usafiri wa mbali, vifaa na ufadhili wa masomo kwa makumi ya wachezaji, na 49ers walikuwa wakivuta watazamaji uwanja uleule. Baada ya msimu chuo kilitangaza kufuta mchezo huo. Baadaye ulirudishwa kwa ngazi ya chini, ukaachwa tena, na leo chuo hakina timu ya futiboli.

Wachezaji tisa wa kikosi hicho waliingia ligi ya kulipwa ya NFL. Watatu kati yao, Matson, Marchetti na Bob St. Clair, wamo katika Jumba la Watukufu la mchezo huo, idadi ambayo ni nadra sana kwa kikosi kimoja cha chuo. Kabla ya kuanza kucheza kwa kulipwa, Matson alikwenda kwenye Olimpiki ya Helsinki ya 1952 akarudi na medali ya shaba ya mbio za mita 400 na ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Mwaka 1959 timu ya Los Angeles Rams ilitoa wachezaji tisa kumpata yeye peke yake. Afisa habari wa michezo wa chuo enzi hizo, kijana aliyeitwa Pete Rozelle, alikuja kuwa kamishna wa NFL kuanzia 1960 hadi 1989.

Toler hakupata nafasi ya kucheza kwa kulipwa kwa sababu aliumia vibaya goti katika mchezo wa wanachuo bora mwaka 1952. Alirudi San Francisco akawa mwalimu, kisha mwalimu mkuu wa shule. Mwaka 1965 aliajiriwa kuwa mwamuzi wa NFL, mtu mweusi wa kwanza katika kazi hiyo, na mwaka 1980 alikuwa miongoni mwa waamuzi wa fainali ya Super Bowl.

Russell, Jones na michezo 60

Nafasi ya Newell katika mpira wa kikapu ilichukuliwa na rafiki yake Phil Woolpert, aliyewahi kufanya kazi katika gereza la San Quentin. Chuo hakikuwa na ukumbi wake wa michezo. Timu ilifanya mazoezi katika ukumbi wa shule ya sekondari ya jirani na kucheza mechi zake katika kumbi za kukodi mjini, hata waandishi wa magazeti wakawaita Dons wasio na makao.

K.C. Jones alitoka shule ya Commerce ya mjini humohumo. Bill Russell alikuwa mzaliwa wa Louisiana ambaye familia yake ilihamia Oakland, ng'ambo ya ghuba. Katika shule ya McClymonds hakuwa nyota, na San Francisco kilikuwa chuo pekee kilichompa ufadhili wa masomo. Alipofika chuoni aliendelea kurefuka hadi kufikia mita 2.08. Yeye na Jones walikaa chumba kimoja na walitumia saa nyingi kuzungumzia mchezo kama somo la jiometri: mpira utaruka upande gani ukikosa kikapu, na mlinzi asimame wapi ili mshambuliaji alazimike kwenda asikotaka.

Makocha wengi wa wakati huo walifundisha kwamba mlinzi asiinue miguu kutoka ardhini. Russell aliruka kuzuia mipira ya wapinzani, tena aliipiga kwa namna ya kuwafikia wenzake badala ya kuitupa nje. Ulinzi huo ndio uliobadilisha timu. Katika maisha yake ya chuo alikuwa na wastani wa pointi 20.7 na mipira ya kurudi 20.3 kwa mchezo.

Mapema katika msimu wa 1954–55 timu ilifungwa na UCLA 47 kwa 40 mwezi Desemba. Huo ndio mchezo pekee walioupoteza msimu wote. Katika msimu huo Woolpert aliwaanzisha wachezaji watatu weusi kwa pamoja, Russell, Jones na Hal Perry, jambo ambalo hakuna timu kubwa ya chuo iliyokuwa imefika nalo hadi ubingwa. Barua za matusi zilimfikia. Mwezi huohuo wa Desemba timu ilisafiri kwenda Oklahoma City kwa mashindano ya sikukuu, na hoteli za mji hazikukubali kuwapokea wachezaji weusi. Timu nzima, weusi kwa weupe, ilikataa kutengana ikalala katika bweni la chuo lililokuwa tupu kwa sababu ya likizo. Inasimuliwa kwamba wakati wa mazoezi watazamaji waliwarushia wachezaji sarafu, na Russell akaziokota na kumpa kocha amtunzie. Dons walitwaa kombe hilo.

Katika mashindano ya NCAA ya 1955 walikaribia kutolewa mara moja tu. Ilikuwa dhidi ya Oregon State, huko Corvallis kwenye ukumbi wa wapinzani wenyewe, waliposhinda kwa pointi moja, 57 kwa 56. Fainali ilichezwa Kansas City dhidi ya La Salle ya Philadelphia, chuo kingine cha Kikatoliki na bingwa mtetezi, kikiongozwa na Tom Gola. Wengi walitarajia Russell amlinde Gola. Woolpert alimpa Jones kazi hiyo, ingawa alikuwa mfupi zaidi, ili Russell abaki karibu na kikapu. Dons walishinda 77 kwa 63. Jones alifunga pointi 24, Russell 23 na kudaka mipira ya kurudi 25.

Msimu wa 1955–56 timu ilishinda michezo yote 29 na kuwa bingwa wa kwanza wa NCAA kumaliza bila kushindwa. Jones hakuruhusiwa kucheza katika mashindano ya mwisho, kwa kuwa miaka miwili nyuma alikuwa ameanza msimu kwa mchezo mmoja kabla ya kuugua kidole tumbo, na kanuni ziliuhesabu msimu ule. Gene Brown alichukua nafasi yake. Katika fainali ya Evanston, karibu na Chicago, Iowa ilifungwa 83 kwa 71, na Russell alifunga pointi 26 na kudaka mipira ya kurudi 27.

Mfululizo wa ushindi ulifika michezo 60 kabla ya kukatwa na Illinois mwezi Desemba 1956, wakati Russell na Jones walikuwa wameshaondoka. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 1973 ilipovunjwa na UCLA. Bila wao wawili timu bado ilifika nusu fainali ya 1957 na kumaliza ya tatu.

Watunga kanuni walijibu kwa namna yao. Katika kipindi hicho eneo lililo mbele ya kikapu, ambamo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu, lilipanuliwa kutoka futi 6 hadi futi 12, na ikakatazwa kuugusa mpira wa mwenzako ulio juu ya kikapu. Mabadiliko hayo kwa kawaida huhusishwa na Russell.

Russell na Jones walipata medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Melbourne mwaka 1956, kisha wakacheza pamoja Boston Celtics. Russell alitwaa ubingwa wa NBA mara 11 katika misimu 13, na mwaka 1966 akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika ligi hiyo. Jones alitwaa ubingwa mara 8 kama mchezaji, na baadaye mara mbili kama kocha mkuu wa Celtics. Woolpert aliacha kazi mwaka 1959 akiwa amechoshwa na shinikizo. Baada ya miaka kadhaa ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha San Diego alihamia jimbo la Washington, akaendesha basi la wanafunzi. Aliingizwa katika Jumba la Watukufu la mpira wa kikapu mwaka 1992, baada ya kufariki.

Soka chini ya Negoesco

Wakati mpira wa kikapu ukipungua nguvu, soka ilipanda. Steve Negoesco, mzaliwa wa New Jersey aliyekulia Romania na kuwahi kuichezea timu ya chuo, alikuwa kocha kuanzia 1962 hadi 2000. Kwa miaka mingi kazi yake ya mchana ilikuwa kufundisha shuleni. Alishinda zaidi ya michezo 500, idadi ambayo hakuna kocha wa soka wa chuo aliyekuwa ameifikia kabla yake.

Dons walikuwa mabingwa wa NCAA mwaka 1966, walipoifunga Long Island University mabao 5 kwa 2, kisha 1975, 1976 na 1980. Fainali za 1976 na 1980 zilikuwa dhidi ya Indiana. Indiana ilifungwa pia katika fainali ya 1978, lakini ubingwa wa mwaka huo ulifutwa kwa sababu mchezaji mmoja hakuwa na sifa za kucheza kwa mujibu wa kanuni.

Negoesco alitafuta wachezaji nje ya Marekani zama ambazo vyuo vingi vilitegemea vijana wa mtaani. Kikosi chake cha miaka ya 1970 kilikuwa na vijana wa Ulaya Kaskazini, Amerika ya Kilatini na Afrika Magharibi. Miongoni mwao walikuwamo Wanaijeria Andy Atuegbu na Tony Igwe, ambaye alikuwa ameshaichezea Nigeria kwenye Olimpiki ya Mexico ya 1968. Makocha wapinzani walilalamika kwamba wanacheza na timu ya mataifa. Malalamiko hayo yamepoteza nguvu kwa kuwa leo karibu kila chuo kikubwa kinafanya vivyo hivyo.

Kufutwa kwa mpira wa kikapu, 1982

Mwaka 1964 na 1965 timu ya mpira wa kikapu ilikaribia tena nusu fainali za taifa, ikatolewa na UCLA mara zote mbili. Katikati ya miaka ya 1970 kocha Bob Gaillard alipata wachezaji watatu kwa mpigo, Bill Cartwright, Winford Boynes na James Hardy. Msimu wa 1976–77 walishinda michezo 29 ya kwanza na kushika namba moja nchini. Kisha walifungwa na Notre Dame katika mchezo wa mwisho wa kawaida, na wakatolewa na Las Vegas 121 kwa 95 katika raundi ya kwanza ya NCAA. Cartwright alikuja kutwaa ubingwa wa NBA mara tatu na Chicago Bulls.

Gharama ya kushindana kwa kiwango hicho ilianza kuonekana. Ndani ya miaka michache NCAA iliiadhibu timu mara mbili kwa msaada usioruhusiwa ambao wafadhili walikuwa wakiwapa wachezaji. Mkuu wa chuo, padre John Lo Schiavo, aliwaonya wafadhili hao waziwazi. Mwaka 1982 nyota wa timu alikiri mahakamani kosa la kumshambulia mwanafunzi wa kike, na katika uchunguzi ikajulikana pia kwamba mfadhili mmoja alikuwa akimlipa mshahara wa kazi ambayo hakuifanya.

Tarehe 29 Julai 1982 Lo Schiavo alitangaza kwamba chuo kinaiondoa timu ya wanaume ya mpira wa kikapu. NCAA haikuwa imeamuru hivyo. Kilichowashangaza watu ni kwamba chuo chenye mataji mawili ya taifa kilijifungia chenyewe mchezo uliokipa jina. Baadhi ya wahitimu walikasirika. Wengine, pamoja na magazeti mengi ya nchi, walimsifu. Wachezaji waliobaki walihamia vyuo vingine.

Timu ilirudi msimu wa 1985–86 ikifundishwa na Jim Brovelli, aliyekuwa mchezaji wa chuo hicho miaka ya 1960, kwa masharti makali zaidi kuhusu masomo na wafadhili. Kurudi hakukuwa kurudi kileleni. Timu ilifika mashindano ya NCAA mwaka 1998, kisha ikasubiri hadi 2022, ilipofungwa na Murray State 92 kwa 87 katika muda wa nyongeza. Kocha wa kikosi hicho, Todd Golden, alihamia Florida na kutwaa nao ubingwa wa taifa mwaka 2025. Katika ligi yenyewe, timu mbili nyingine za Kikatoliki, Gonzaga na Saint Mary's, ndizo zilizotawala kwa zaidi ya miaka 20.

Michezo ya wanawake

Wanawake walikubaliwa katika masomo ya kawaida ya mchana mwaka 1964 tu, na timu zao zilipata nguvu baada ya sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopata fedha za serikali kuu. Timu ya mpira wa kikapu iliwahi kuongozwa na makocha wawili waliokuwa mke na mume, Mary Hile-Nepfel na Bill Nepfel. Mwaka 1996 waliifikisha katika raundi ya timu 16 bora za NCAA, baada ya kuzitoa Florida na Duke ambazo zilipewa nafasi kubwa zaidi. Jennifer Azzi, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1996, alikuwa kocha kuanzia 2010 na kuirudisha timu katika mashindano hayo mwaka 2016.

Viwanja

Ukumbi ambao kikosi cha Russell hakikuwa nao ulifunguliwa mwaka 1958, miaka miwili baada ya yeye kuondoka. Uliitwa War Memorial Gymnasium, na umekarabatiwa na kuwa sehemu ya jengo la Sobrato Center. Jezi namba 6 ya Russell haitumiwi tena chuoni. Timu za soka hucheza katika uwanja wa Negoesco, ulio ndani ya eneo la chuo na kupewa jina la kocha huyo.